Kambale wa Damu Nyepesi

Sokoni Likasi, mji wa shaba kusini mwa Zaire, mwanzoni mwa mwaka 1992, kijana mmoja mwembamba aliyevaa koti jeupe la maabara aliinama juu ya beseni la Clémentine.

"Mama, minataka kambale wazima. Watatu."

Clémentine alikaza kikwembe chake cha njano, akamtazama kuanzia viatu.

"Watu wote wananunua samaki ya kupika. Weye unataka ya kuzungumuza nayo?"

"Ya kutoa damu."

"Iko na malaria?"

"Njoo Jumamosi, utaona mwenyewe."

Jumamosi Clémentine akaenda maabara. Alexis, ndilo jina la kijana yule, alimchoma kambale karibu na mkia, akavuta damu kidogo kwa sindano, akaiweka katika kimrija cha kioo na kukizungusha kwenye mashine. Damu ikajitenga: nyekundu chini, maji ya manjano juu.

"Huyu ni wa ziwa la Koni," alisema. "Nyekundu ni nyingi. Ni muzima. Kama ni kidogo, ujue maji mabaya yanamukula polepole, hata kama kwa macho amenona."

"Na miye? Damu yangu iko namna gani?"

"Yako inanipatia kazi, chérie. Hailali."

Wakapendana. Kila Jumatano Clémentine alikuwa akimpigia simu maabara kutoka ofisi ya parokia, wacheke mpaka katibu akohoe.

Baba yake Clémentine alikuwa hajalipwa kiwandani tangu Pasaka. Nyumba nzima ilikula kwa mitego ya kaka yake Bertin, aliyoitega katika kijito nyuma ya kiwanda. Siku moja Alexis alipima kambale wa kijito hicho. Nyekundu ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Usiuze tena hii," alimwambia. "Na nyumbani musikule."

"Tukule nini?"



Wiki ile ile mlinzi wa kiwanda aitwaye Germain alifunga njia ya kijito na kuvunja mitego ya Bertin. Mtaani wakasema ni yule laborantin, mpima damu Mkasai, aliyepeleka ripoti kiwandani. Redio nayo ilikuwa ikisema kila siku kwamba watu wa jimbo la Kasai wamekuja kula cha wenyeji. Clémentine akakimbilia simu.

"Uliandika juu ya Bertin?"

"Sikupelekea mutu karatasi hata moja. Nilikuambia weye tu."

"Muongo. Rudia kwenu, Alexis."

Upande wa pili simu ikakatwa.

Alexis alizaliwa Likasi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba.

Siku kumi baadaye Bertin aliona mitego mipya kijitoni. Ilikuwa ya Germain, aliyefunga njia ili avue mwenyewe. Clémentine alipofika kwa akina Alexis, mlango haukuwepo, na vyungu vilikuwa vimevunjwa uani. Maelfu ya Wakasai walikuwa wamekimbilia stesheni kungoja treni ya Kasai. Huko alimkuta amekaa juu ya godoro, koti lake jeupe limefunika miguu ya mama yake, Mama Orpha, aliyekuwa na homa.

"Nisamehe. Nilidanganywa."

"Najua."

"Basi tutaenda wote. Tuoane hukohuko."

"Mwezi wa tisa ningekuja kwa baba yako. Nilishaongea na mujomba." Alisema bila hasira. "Watu walikuja na mapanga, wakapiga kelele: rudia kwenu. Ile sikuisikia, Clémentine. Minaisikia bado yako."

Wiki tatu Clémentine alikuja kila asubuhi na bukari, ugali wa kwao, na mboga. Mama Orpha alikula na kumbariki. Alexis alisema asante, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Treni ilipofika, Mama Orpha alipanda, akatoa mkono dirishani, akamshika Clémentine vidole, akamwita mwanangu. Alexis alikuwa upande mwingine wa behewa akifunga mizigo. Treni ilipoanza kwenda, alikuwa bado anafunga.