Amplifaya Iliyonunuliwa Mara Mbili

Mshonaji alikwenda mtaa wa vifaa vya umeme kutafuta balbu ya cherehani, akaiona amplifaya yake mwenyewe juu ya meza ya muuza mitumba. Watu walisukumana, kila duka limefungulia spika zake mpaka mwisho, lakini hakukosea. Ilikuwa ile ile nyeusi, yenye kitufe cha sauti alichokibandika kwa gundi.

Alipoinua macho, mchumba wake alikuwa anatoka duka la jirani, shati jeupe la kazini limelowa jasho mgongoni, amekumbatia boksi jipya.

Mchumba huyo alikuwa mwalimu. Walijuana alipopeleka suruali ipunguzwe kiuno, kisha akarudi kesho yake na suruali nyingine isiyo na kasoro. "Hii ina nini?" mshonaji alimuuliza. "Haina kitu. Mwenye matatizo ni mimi." Mshonaji alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Sasa harusi ilikuwa karibu, na amplifaya ilikuwa mbovu. Spika ya kushoto haikutoa sauti, na ikipata joto ilijizima yenyewe. Mwalimu alitaka wanunue mpya. Mshonaji alitaka itengenezwe, maana kilikuwa kitu kikubwa cha kwanza kukinunua kwa jasho lake. Mwisho mwalimu aliibeba, akasema anaipeleka kwa fundi.

"Jana uliniambia fundi anasubiri kipuri," mshonaji alisema.

Mwalimu alilisogeza boksi mbele. "Nilitaka kukushtukiza, mpenzi."

"Usiniite mpenzi hapa. Fundi gani huyo?"

"Hakuna fundi. Ilishakufa ile, na wewe hukutaka kuelewa. Nimekuchukulia nzuri zaidi, hebu tazama..."

"Sijakuuliza uzuri wake. Nani kakuambia uuze changu?"

Wapita njia walianza kusimama. Muuza mitumba akajifanya anapanga rimoti.

"Punguza sauti. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mshonaji akafungua pochi, akalipa, akainunua mali yake mwenyewe. Aliikumbatia kifuani akaondoka bila kugeuka nyuma.

Simu iliita siku ile na siku zilizofuata. Hakupokea. Mwalimu alipita dukani kwa mshonaji, akakuta mlango umerudishwa na cherehani inanguruma ndani kama inamfukuza. Hatimaye asubuhi moja mshonaji aliichoka ile milio, akapokea.

"Unataka nini?"

"Kukusikia."

"Umeshanisikia."

"Usikate, tafadhali. Kweli tuvunje uchumba kwa ajili ya amplifaya?"

"Unajua mama yangu alikuwa anashona?"

"Hujawahi kuniambia."

"Alikuwa na cherehani yake. Baba akaona imechakaa, akaiuza, akasema atamletea mpya. Labda alikusudia kweli. Mama alirudi kutoka kliniki akakuta alama za miguu ya meza ya cherehani sakafuni. Hakushona tena. Mpaka anafariki alikuwa anamwomba baba hela ya chumvi. Na baba alikuwa na maneno matamu kama yako."

"Nisamehe," mwalimu alisema. "Amplifaya tuiache. Nisamehe kwa kukudanganya."

"Sijakusamehe."

"Najua. Lile boksi nimelirudisha dukani. Ukitaka ya zamani itengenezwe, nitakusindikiza. Ukitaka kuitupa, vilevile. Sitasema kitu."

"Wewe, usiseme kitu?"

"Nitajitahidi."

Jumamosi wakaenda kwa fundi redio. Mshonaji alivaa gauni la buluu lililomkaa vizuri, na mwalimu hakuthubutu kulisifia. Fundi aliunganisha spika mbili. Ya kulia ikaimba, ya kushoto ikakwaruza, ikanyamaza. Akaeleza kuwa upande huo umeungua na kipuri chake hakitengenezwi tena. Angeweza kuunga cha kuokoteza, lakini joto lingekiua tena baada ya muda mfupi.

Hasira zilimpanda mshonaji upya, safari hii kwa sababu mwalimu alikuwa sahihi. Akamgeukia. "Sema basi. Sema ulijua."

"Ni yako," mwalimu alisema. "Amua wewe."

Mshonaji alimchunguza uso akitafuta dharau. Hakuiona. Akaipapasa amplifaya mara moja, akamwambia fundi, "Baki nayo. Toa vipuri vinavyofaa."

Nje jua lilikuwa kali.

"Tunakwenda kununua nyingine. Nitachagua mimi."

"Sawa."

"Na ukinidanganya tena, hata kuhusu kijiko, hunioni."

"Sawa."

"Bado nimekasirika."

"Naona." Mwalimu akapunguza mwendo. "Na harusi?"

Mshonaji alitembea kidogo kabla ya kujibu. "Gauni la harusi nililimaliza juzi," alisema, "na hasira zangu hizi hizi. Mishono yote imenyooka."

Mwalimu aliogopa kumgusa. Mshonaji ndiye aliyemshika mkono, akaubana kama amekamata mwizi, wakavuka barabara.