Ayen na Kesi ya Mota ya Kinu

Ayen ana kinu cha kusaga mahindi Kakuma. Kila asubuhi huomba kabla ya kukiwasha: "Bwana, bariki unga huu na watakaoula."

Mwezi wa pili mota ya kinu iliungua. Ayen alinunua nyingine Lodwar kwa shilingi elfu themanini. Abdisamad, mwenye lori, aliibeba lakini hakuifunga vizuri. Mota ikaanguka njiani, ikavunjika. Ayen alipolalamika, Abdisamad alimwita mwongo mbele ya wateja.

Ayen akafungua kesi katika mahakama ya Lodwar. Hakuwa na wakili. Aliandika jambo moja tu: alipwe mota yake. Abdisamad akajibu kupitia wakili.

Mjomba wa Ayen, Mawien, alisoma karatasi akaguna.

"Hii ni kesi au barua ya salamu? Matusi aliyokutukana yako wapi? Na Nuur, ndugu yake Abdisamad, mwenye duka kubwa, mbona hayumo?"

"Nuur hakubeba mota, mjomba."

"Lakini ana pesa! Binti yangu, wazee wetu wanapokaa kuamua jambo, mtu huongeza neno kila kikao. Usilolisema, umeliacha."

Ayen aliona ni kweli. Wazee hawajawahi kumtoza mtu pesa kwa kukumbuka neno baadaye.

Siku ya kusikilizwa kesi, alifika mahakamani na karatasi mpya. Alikuwa ameongeza madai ya matusi, tena amemwongeza Nuur.

Wakili wa Abdisamad akasimama. "Mheshimiwa, nilijiandaa kwa kesi ya mota. Shahidi wangu yuko hapa. Haya mengine nayaona leo."

Hakimu alimtazama Ayen. "Mama, ukitaka kurekebisha madai sasa, lete ombi kwa utaratibu. Kesi imeahirishwa kwa sababu yako. Utamlipa mwenzako gharama za leo, shilingi elfu tisa."

"Mimi nimevunjiwa mota, na mimi ndiye ninayelipa?"

"Za leo, ndiyo."

Kesho yake jirani yake Qamar alipita. Qamar ni msaidizi wa kisheria. Huwaeleza watu mambo ya sheria bila malipo.

"Ejok, Mama Adhel!" alimsalimu Ayen kwa Kiturkana, akimwita kwa jina la mwanawe. "Kinu kimenyamaza, na wewe pia?"

Ayen akamweleza yote. Qamar akaketi juu ya gunia tupu.

"Mahakamani, kila neno unaloongeza, mwenzako lazima alijibu. Wakili wake anaandika upya. Shahidi anasafiri tena. Gharama hizo unaweza kuambiwa uzilipe wewe."

"Basi mtu akikosea asirekebishe?"

"Arekebishe, lakini mapema. Kabla pande zote hazijamaliza kupeana maandishi, unaweza kurekebisha mara moja bila kuomba ruhusa. Ukichelewa, unaomba ruhusa. Unaweza kuipata, na bado ukalipa."

"Na Nuur?"

"Alikosa nini?"

"Hakubeba mota," Ayen akakiri.

"Ukimshtaki asiyehusika, mahakama ikamtoa, huenda ukalipa gharama zake pia. Utashinda mota kwa Abdisamad, uipoteze kwa Nuur."

"Lakini yale matusi yaliniuma, Qamar."

"Najua, dada. Ila hayo ni madai mengine, yanataka mashahidi wake. Hayatengenezi mota. Ungenionyesha karatasi kabla ya kuzipeleka, tungechagua pamoja."

Jioni Ayen aliomba: "Bwana, nionyeshe lipi ni la hakimu na lipi si lake."

Hakupeleka ombi la kurekebisha. Alilipa elfu tisa kutoka akiba yake. Mawien alinuna siku tatu.

Kesi iliposikilizwa, Ayen alileta risiti, picha za mota na mwanamke mmoja aliyeiona ikianguka. Alizungumza juu ya mota peke yake. Baada ya wiki chache hakimu akatoa uamuzi: Abdisamad alipe elfu themanini pamoja na gharama za kesi. Zile elfu tisa hazikurudi.

Nje ya mahakama, Ayen alimwita Abdisamad. Mawien alisimama karibu.

"Uliniita mwongo mbele ya wateja wangu."

Abdisamad aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Niliogopa kulipa, nikasema ovyo."

"Nimekusamehe."

Walipokuwa wakienda stendi, Mawien akauliza, "Na kusema hilo, umelipa ngapi?"

"Hakuna, mjomba."

Mzee akacheka. "Basi yote yamesemwa."

Sasa kinu kinasaga tena. Na Mawien, akisikia mtu anataka kwenda mahakamani, humwambia, "Mpelekee Qamar karatasi kwanza."