Kijumba cha Feni

Kila alfajiri Kanyere ndiye aliyewasha moto. Alipanga vijiti jikoni, akaunganisha nyaya za feni kwenye betri ya pikipiki, kisha akasubiri. Feni hiyo ndogo ilitoka kwenye gari bovu. Baba yake mdogo, Papa Kamate, fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wao wa Ndosho, Goma, aliifunga nyuma ya nyumba ili ipulize hewa kupitia bomba hadi chini ya moto. Zamani moto uliruka papo hapo na moshi haukusumbua mtu.

Sasa mambo yalikuwa mengine. Waasi walikuwa wamefunga barabara ya Rutshuru, makala yakaadimika, na watu wakapikia kuni mbichi. Kuni hizo zilitaka upepo mwingi zaidi, lakini feni ilitoa pumzi ya mgonjwa. Moshi ulijaa hadi chumba walimolala, na Benny, mdogo wake Kanyere, alikohoa huku ameshika mbavu. Muuguzi alisema wazi kwamba dawa haitafaa kitu mtoto akiendelea kuvuta moshi.

"Siku ya Mungu, hii Jumapili, ikifika bila moto ya muzuri, nitatuma Benny ku Bukavu kwa tante, shangazi yake," mama alisema. "Moshi itaniulia mutoto."

Kanyere aliumia moyoni. Volkano ilikwisha kumeza nyumba yao ya kwanza, huko Buhene. Hakutaka vita navyo vimchukulie ndugu yake.

"Nitaitengeneza, mama," akasema, na Kanyere akishasema hivyo, hata umvute kwa kamba haondoki.

Aliazima betri nyingine. Alifagia bomba. Moto ukazidi kununa. Ndipo akamwita Papa Kamate, naye akainama jikoni, akasikiliza mlio wa feni.

"Vantilatere iko nazunguka. Kuna kitu ulibadirisha?"

"Hapana, papa."

"Hata huko nyuma ya nyumba?"

"Hata huko."

Basi fundi akaacha kazi zake, akashinda mchana kutwa akibadilisha bomba. Nyuma ya nyumba hakwenda, kwa kuwa aliambiwa hakuna kilichobadilika huko. Hakuna kilichosaidia.

Kumbe kitu kilikuwapo. Wezi walipozidi mtaani, Kanyere aliifunika feni kwa mawe ya volkano, akaziba kila mwanya kwa kokoto nyeusi, mpaka ikafanana na marundo ya mawe yaliyo katika kila kiwanja cha Goma. Alijivunia sana kazi hiyo. Hakuiona kama mabadiliko, kwani jiwe la volkano limejaa matundu, na alijua kwa hakika kwamba hewa inapita.

Jumamosi aliondoa mawe ya juu ili afute vumbi kwenye feni. Mara akasikia Benny akimwita mkubwa wake kutoka jikoni.

"Yaya, moto imeamuka."

Kanyere alirudisha mawe. Moto ukalala. Akayaondoa tena, ukaruka. Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kunyamaza, kuyatawanya mawe na kuacha bomba jipya lisifiwe, lakini alikumbuka mgongo wa Papa Kamate ulioinama mchana kutwa. Akachukua jiwe moja, akaenda nalo moja kwa moja kwenye karakana yake.

"Papa, nilikudanganya. Nilijengea vantilatere nyumba ya mawe. Nilifikiri haina neno, mupepo inapita mu matundu."

Fundi aligeuza jiwe mkononi. "Weka kinywa hapa. Pulizia."

Kanyere alipuliza hadi mashavu yakauma. Papa Kamate aliweka kiganja upande wa pili, akatikisa kichwa.

"Hayo matundu hayapitiani. Vantilatere yako ilikuwa nafanya kazi, lakini haikuwa na mupepo ya kuvuta."

Hakumgombeza. Alichomelea kizimba cha nondo chenye wavu, wakakifunga pamoja ukutani, wazi pande zote na bado chini ya kufuli. Jioni hiyo kuni mbichi zilishika moto, moshi ukapungua, na maharage yakaiva kabla giza halijaingia. Mama alitoa nguo za Benny kwenye mfuko wa safari, akazirudisha kwenye kamba ya ukutani.

Papa Kamate alinawa mikono, akamtazama Kanyere.

"Mutoto yangu, kujenga kile kijumba haikuwa kosa. Kosa ni kuniambia hakuna kitu. Mutu akikuuliza nini imebadirika, mwambie yote, hata ile unaona haina maana. Ukificha kidogo, unaweza kumunyima mwenzako pumzi."

Chumbani, Benny alikuwa amelala bila kukohoa.