Suruali ya Mzee Ciza

Jioni ile nilitumwa na ubishi wangu mwenyewe. Nilikwenda Mwanga, kwa fundi Oswald, kuchukua suruali ya marehemu baba.

Kesho yake tulikuwa tunaanua matanga. Kwetu nguo za marehemu hazivaliwi mpaka wazee wazigawe, na mama alikuwa amenionya mara mbili. Nikajiambia, mimi ndiye kifungua mimba, nani atanifanya nini? Suruali ilikuwa nyeusi, kitambaa kizito, bado ina mkanda wake. Mkanda ule naufahamu. Mgongo wangu unaufahamu zaidi.

Baba, Mzee Ciza, alivunjwa mguu wa kushoto na mtumbwi kule Mwamgongo kabla sijazaliwa. Ukapona mfupi, pungufu ya inchi mbili, na suruali zake zote zilikatwa hivyo. Kazi ya Oswald ilikuwa ndogo tu: kuteremsha pindo la kushoto ili pande zote mbili ziwe sawa, nami niweze kuvaa.

Nikaijaribu nyuma ya pazia. Upande wa kushoto ukaburuta sakafuni.

"Umezidisha, fundi."

"Sijazidisha."

Akapiga magoti na futi yake. Akanipima kulia. Akanipima kushoto. Akarudia... Kisha akafungua daftari la vipimo, akatazama ukurasa wangu, halafu ukurasa wa baba. Cherehani za jirani zilikuwa zimenyamaza, watu wanafunga maduka.

"Jeremia," akanong'ona, "nimekushonea miaka minane. Miguu yako ilikuwa sawa."

"Na sasa?"

Akafunga daftari. "Vua. Vua hapa hapa, uiache."

Sikuvua. Nilicheka, nikamwambia anunue miwani. Lakini niliondoka bila kuaga. Suruali ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, na bado ilianza kunuka tumbaku ya baba.

Bodaboda ikanishusha Ujiji, kwenye kona ya kwetu. Giza lilikuwa linaingia. Nikamalizia kwa miguu, na hapo ndipo nikasikia.

Kwa... ta. Kwa... ta.

Nikasimama. Ikasimama.

Hatua za baba. Zilikuwa zinatoka miguuni kwangu.

Dirishani kwetu taa ikazimika. Mke wangu alikuwa bado Kalinzi akitafuta ndizi za shughuli, kwa hiyo ndani walikuwamo mama na binti yangu Leonia, wa miaka sita. Nikamsikia mama akinong'ona:

"Mwana wanje, mwanangu, ingia uvunguni. Usikohoe."

Hayo hayo aliniambia mimi, kila jioni baba alipokaribia. Siku ya maziko yake niliapa kwamba mtoto wangu hatayasikia maneno yale maisha yake yote.

"Mama, ni mimi. Jeremia."

Nikasikia mlango ukikomewa kwa ndani.

"Fungua, mama." Nilisema kwa upole kabisa.

"Hata yeye..." Sauti yake ilitoka nyuma ya mlango. "Hata yeye alikuwa anaanza kwa upole."

Niliumia mpaka machozi yakanitoka. Nikainua mkono nigonge.

Mkono ulikuwa umeshika mkanda.

Sikumbuki kuufungua. Ulikuwa umekunjwa mara mbili, alivyokuwa akiukunja yeye.

Nikaivua suruali pale pale kibarazani, nikakaa na bukta hadi mama alipofungua. Asubuhi wazee waliichoma pamoja na mkanda, wakaomba. Mmoja alisema marehemu alikuwa anadai nguo yake. Mwingine alisema ni woga wangu tu. Oswald akanipima tena: miguu sawa, wala hakuna tofauti. Mama, kila nikiingia, hunitazama mikono kabla ya uso.

Siku hizi nikifika konani navua viatu, natembea peku. Sitaki mwanangu ajifunze kuzisikiliza hatua zangu.

Jana nilivivua mbali zaidi, kabla hata ya kona. Niliingia taratibu, nina maandazi yake mkononi. Taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa uani anachambua dagaa, hakuwa amenisikia.

Leonia alikuwa ameshaingia uvunguni.