Mkwaruzo Uliokomea Ukingoni

Saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, mfagiaji alifunguliwa na meneja, akavuta mapazia ya ukumbi wa maonyesho na kukuta gari jekundu limechorwachorwa kwa kitu chenye ncha, kwenye boneti na kwenye mlango wa dereva. Mlango wa ukumbi ulikuwa mzima, kufuli halikuguswa. Kamera zilikuwa zimezimwa tangu juzi, zikisubiri kubadilishwa.

Lilikuwa gari la kasi la viti viwili. Kiwanda kilikuwa kimetengeneza machache, na duka hili lilikuwa limegawiwa moja tu.

Inspekta alipoingia, meneja alikuwa amekwisha kupata mtuhumiwa: daktari wa nusukaputi wa hospitali kuu, mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya gari hilo. Alikuwa amengoja miaka minne. Katika muda huo duka lilimshurutisha anunue kwanza gari la kawaida ili aonekane mteja mwaminifu. Alilinunua, na sasa mama yake huenda nalo sokoni. Jana jioni alifika kuchukua gari lake, akaambiwa makabidhiano yameahirishwa.

"Alisema mbele ya watu kwamba ni afadhali lioze humu kuliko kuliona kwa dalali," meneja alieleza. "Na mkwaruzo umefika kwenye bati, ndugu Inspekta. Nimeugusa mwenyewe. Hili si gari jipya tena."

Inspekta aliinama juu ya boneti. Mstari mrefu kuliko yote ulishuka kuelekea taa ya kushoto, ukakoma ghafla upana wa kidole kabla ya ukingo. Mingine ilikoma vivyo hivyo, kana kwamba imegonga ukuta. Bampa, vioo vya pembeni na paa havikuwa na alama. Kwenye mfereji wa mkwaruzo mmoja alikuta uzi mwembamba, angavu, uliojikunja. Aliunasa kwa kibano, akautia kwenye bahasha.

Daktari aliitwa, akaja na sare yake ya chumba cha upasuaji. Alilitazama gari kama mgonjwa aliyekataa kuzinduka.

"Maneno ya jana ni yako?" Inspekta aliuliza.

"Ni yangu. Hawa wanatupanga foleni kama wagonjwa, halafu dawa wanampa asiyeumwa."

"Una ufunguo wa ukumbi?"

"Afande, hata ufunguo wa gari langu sijapewa."

Hapo meneja alicheka. Alisema ufunguo wa ukumbi uko kwake na kwa muuzaji, na muuzaji huyo huendesha magari pamoja na daktari kila Jumapili katika klabu yao. Asiyekubali kushindwa, aliongeza, humtafuta wa kumfungulia mlango.

Muuzaji alihojiwa peke yake ofisini. Alikiri urafiki, akakana mengine. Mchana wa jana hakuwapo. Alimpelekea mteja gari mji wa pili, akarudi jioni kufunga tu. Alipoulizwa nani angefaidika, aliutazama mlango kwanza.

"Mwaka jana lilikuja la njano," alisema hatimaye. "Ngazi ikaliangukia. Gari lenye kasoro halihesabiwi jipya, kwa hiyo linatoka kwenye foleni na meneja humwuzia amtakaye. Aliyekuwa wa kwanza alipewa pole. Baadaye tuliliona kwa dalali, linang'aa, bei imepaa."

"Ulimwambia nani?"

"Nina watoto, kaka."

Inspekta alipeleka bahasha yake kwa fundi wa rangi, ambaye karakana yake iko uani. Fundi aliutambua uzi ule kwa kuutazama tu: nailoni angavu ya kukinga rangi, ambayo ikibandikwa vizuri haionekani kwa macho. Aliibandika mwenyewe jana mchana. Meneja alimwagiza afunike boneti na mlango tu, asiguse pengine, na asimwambie mtu kwa sababu ni majaribio. Fundi hakuwa na ufunguo wa ukumbi. Alikuwa ameondoka kabla ya magari kuingizwa ndani.

Saa tisa alasiri wote walikusanywa kando ya gari. Fundi alikuja na mashine yake ya hewa ya moto.

"Meneja, uliniambia mkwaruzo umefika kwenye bati," Inspekta alisema.

"Ndivyo ulivyo."

"Fundi, bandua."

Hewa ya moto ilipita kwenye ukingo. Nailoni ililegea, ikainuka na mikwaruzo yake yote. Rangi nyekundu chini yake ilikuwa safi. Daktari aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Mtu mwenye hasira haangalii mipaka," Inspekta alisema. "Huyu alichora ndani ya mipaka asiyoweza kuiona, tena gizani. Kwa hiyo aliijua. Fundi aliijua, hana ufunguo. Muuzaji ana ufunguo, hakuijua. Daktari hana ufunguo wala hakuijua. Amebaki mmoja."

Meneja alisema yeye hulinda mali ya duka.

"Ungekuwa unailinda ungeniambia asubuhi kwamba kuna nailoni. Uliahirisha makabidhiano ukijua ulimi wa daktari, ukangoja aseme la kumfunga. Baadaye ungeibandua, ukamwuzia dalali gari zima."

"Miaka minne anapiga kelele kwa ajili ya chuma," meneja alisema, akimtazama daktari. "Watu kama nyie mnajidhalilisha wenyewe. Dalali angalau anajua biashara."

"Njia ya mwongo fupi," fundi alinong'ona.

Daktari alimgeukia Inspekta, akauliza kama gari litazuiliwa kwa ushahidi. Inspekta alikunja nailoni ndani ya mfuko, akaufunga.

"Kidhibiti ni hiki. Gari sina haja nalo."

Muuzaji alileta ufunguo. Saa kumi kasoro robo, meneja aliketishwa kiti cha nyuma cha gari la polisi, uani, ambako njia ya kutokea ni moja. Mbele yake gari jekundu lilikuwa limesimama langoni, likiunguruma taratibu. Dereva wa polisi alipiga honi. Daktari hakugeuka, alikuwa anatazama mshale wa joto, na hakuondoka hadi injini ilipopata moto.