Ndiga kwa Bizari

"Weka chini hicho! Unataka kuua mtu?"

Asubuhi sokoni hakuna anayemsikiliza mwenzake, lakini sauti hiyo ilimfikia kila mmoja. Mpishi kijana, shati jeupe limepigwa pasi, alibaki na kiazi mkononi. Mbele yake alisimama muuzaji, msichana wa kanga ya kijani mwenye macho makali.

"Si kiazi tu, dada?"

"Hiyo ni ndiga, kiazi cha mwituni. Usipoikata vipande ukailoweka ikatoka sumu, utazikwa nayo. Wazee wangu walikuwa wakiila kabla babu zako hawajashuka hapa na magunia yao ya bizari."

"Basi nifundishe. Babu zangu walileta bizari, akili ya ndiga hawakuileta."

Msichana alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Haukupita muda msichana akawa anamwita mpishi Bizari, naye anaitwa Sumu Yangu, na simu zao zikawa hazikai na chaji.

Siku ya kupelekwa kwa mama mkwe mtarajiwa, Sumu alivaa gauni la zambarau, akaipika ndiga mwenyewe kwa bizari ya mama huyo. Sahani ilipotua mezani, kabla mtu hajanawa mikono, alichota kijiko akala.

Kwao, aliyepika ndiga ndiye hutangulia kula, wengine wakimtazama. Akidhurika, adhurike yeye. Kwa kina Bizari, hakuna anayegusa chakula kabla ya mama.

"Huyu hakulelewa," mama alisema, akasukuma sahani.

Bizari akamshika Sumu mkono. "Mpenzi, si ungengoja wakubwa?"

Angemuuliza sababu, jamani! Swali moja tu. Lakini aibu haina masikio. Sumu alichukua mkoba wake akaondoka, na jioni simu ikalia.

"Umeniaibisha mbele ya mama."

"Nimetanguliza roho yangu ili mama yako asidhurike, wewe ukanishika mkono kama mwizi. Usinipigie tena!"

Simu ikakatwa. Bizari akaenda kumweleza mama yake.

"Kwa hiyo alionja kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama."

Mama hakuwa mtu wa kuomba radhi. Aliingia jikoni akatwanga bizari mpya. Bizari naye alinunua ndiga kwa muuzaji mwingine, akailoweka kwa mkono wake.

Alipobisha hodi kwa kina Sumu, chungu mkononi, bibi yake Sumu alimkaribisha kwa sauti kavu. Sumu hakumsalimia.

"Umeloweka wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo? Sisi huloweka kwenye maji yanayotembea!"

"Nilikuwa nabadilisha maji kutwa mara kadhaa, mpaka vidole vikakunjamana. Bizari hii ameitwanga mama."

Bila kungoja jibu, akachota, akala. Sumu alishika kifua.

"Asiguse mtu," bibi aliamuru. "Tungoje tuone."

Jasho lilimtoka Bizari kwenye paji la uso. Pilipili au sumu? Hakuna aliyejua, na mwenyewe hakujua. Sumu alimtazama, hasira zote zikamyeyuka, akabaki na hofu tupu. Alimpenda huyu mjinga. Akamnyang'anya kijiko, akala.

"Mjukuu wangu!" bibi alipiga kelele.

"Una wazimu?" Bizari naye akaruka.

"Ukifa wewe, mimi nibaki nimpikie nani?"

"Basi kubali nikuoe."

"Tuamke kwanza, Bizari. Maiti haoi."

Bizari alirudi kwao akitembea polepole, akijisikiliza tumbo kila hatua. Sumu alijilaza akijisikiliza lake.

Kulipokucha, simu yake ikalia.

"Sumu Yangu, uko hai?"

"Niko hai. Na wewe?"

"Fungua mlango. Niko na mama, na anasema ana njaa."