Mchague Mkeo

"Weka hilo begi chini, mke wangu."

"Usiniite mke wangu. Muuaji mkubwa wewe!"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mumewe, fundi lifti wa jengo lilelile walilopanga, alibaki amesimama na bisibisi mkononi, kama aliyesahau alichokuwa anatengeneza. Mke alikuwa na mimba ya miezi minane, na simu yenye ujumbe wa wifi yake uliomtibua tangu asubuhi:

"Wifi, usimsifie sana kaka yangu. Siku ile unajifungua, daktari alimuuliza aokolewe nani, mama au mtoto. Yeye ndiye aliyesema mtoto aachwe. Muulize kama naongopa."

Wifi ni wifi, jamani. Hata akikuletea zawadi, ifungulie nje.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Miaka mitatu tunalala kitanda kimoja, unanificha! Mimi ningemchagua mwanangu. Bora ningekufa mimi!"

Fundi aliinamia bisibisi yake. Ndivyo alivyokuwa tangu msiba ule, mazito yote anameza. Hata mimba hii ya pili hakuwahi kuligusa tumbo, na mkewe alishajiaminisha kwamba hamtaki mtoto. Akampiga kikumbo, akaingia kwenye lifti na begi lake.

Lifti ilishuka, ikatikisika, taa ikazima. Ilipowaka, mlango ulifunguka kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa. Nesi alipita mbio akisukuma kitanda cha magurudumu. Mke akatoka ameduwaa, na mlango wa lifti ukajifunga nyuma yake.

Benchini aliketi mwanamume mwenye ovaroli ya grisi, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Alikuwa mumewe, ila kidevuni hana mvi hata moja. Na ovaroli ile yeye mwenyewe alishaichana zamani, akafanya matambara ya kudekia. Akaelewa yuko wapi, na ni siku gani. Akaketi, akavuta mtandio mpaka puani.

"Pole, dada. Na wewe umeleta mgonjwa?"

Hakumtambua. Nani angemtafuta mkewe benchini, wakati amemwacha nyuma ya mlango ule hajitambui?

"Ndiyo," alijibu ndani ya mtandio. "Wewe unaye nani?"

"Mke wangu. Damu haikatiki. Daktari anasema hawezi kuwaokoa wote wawili, niseme aanze na nani." Alilia waziwazi, machozi na kamasi. "Dada, wewe ni mama. Nisaidie. Ungekuwa ni wewe mle ndani, ungetaka mumeo aseme nini?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa ametoka kulipigia kelele nyumbani, majirani wote wakalisikia. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sasa alikuwa amekilalia. Akisema mtoto, mwanamke wa mle ndani anakufa, na huyu wa tumboni hatazaliwa kamwe. Akisema mama, anamwacha binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Akashika tumbo. Mtoto akajigeuza taratibu, kama anayetafuta pa kulala vizuri.

"Mchague mkeo."

"Atanichukia."

"Atakuchukia. Mchague hivyohivyo."

"Nikimwambia, uchungu utamuua. Namjua."

Aliikumbuka miezi iliyofuata: hali chakula, haogi, anaongea na ukuta. Ukweli huu ungemmaliza.

"Basi usimwambie. Subiri mpaka aulize mwenyewe."

"Na asipouliza?"

"Umbebee."

Mlango ukafunguliwa. "Baba, umeamua?"

Mumewe akasimama. "Mke wangu, daktari. Niokoleeni mke wangu."

Mke alijiziba mdomo kwa mtandio, akalia mpaka pumzi ikamkatika. Alipoinua uso, alikuwa sakafuni mwa lifti, na mumewe alikuwa anaupanua mlango kwa mikono, anahema.

"Umeumia? Mtoto anacheza? Sema neno!"

"Nani alikwambia unifiche?"

"Toka kwanza, lifti hii..."

"Nani?"

Fundi akashusha mikono. "Dada mmoja benchini, mjamzito. Sikumwona tena. Alisema nisubiri mpaka uulize. Leo umeuliza, nikajibu."

"Alikukosea yule dada. Alikutwisha mzigo, akaondoka."

Fundi akautazama mtandio. Akamtazama machoni.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Nimekuita muuaji, na jibu nilikupa mimi. Nisamehe, baba."

Fundi aliingia, akaketi sakafuni karibu naye, bega kwa bega. Majirani waliigonga lifti, wakachoka, wakapanda ngazi wakinung'unika.

"Ulimwona mtoto wetu?" mkewe aliuliza.

"Nilimbeba. Waliniachia mpaka alipopoa."

"Alifanana na nani?"

Miaka yote ile ndugu walikuja kutoa pole, wakahimiza wazae mwingine, na hakuna aliyeuliza hilo.

"Na wewe. Kidevu chako. Alikuwa amekunja uso kama wewe ukiamshwa mapema."

Mkewe alicheka, kicheko kikageuka kilio. Akauchukua mkono wa mumewe na grisi yake yote, akauweka tumboni. Mkono ulisita, kisha ukatulia.

"Endelea. Nywele je?"

"Nyingi," alisema. "Nyeusi tii."